Darasa la Kwanza la Barafu Limeyeyuka

Ukishuka basi Kasese saa nane mchana, kitu cha mwisho utakachokifikiria ni barafu. Mji uko kwenye sakafu ya bonde la ufa, kama meta 1,000 juu ya usawa wa bahari; ikweta inapita kusini kwake kidogo, na joto la mchana linawafanya watu watafute kivuli cha veranda. Bwera, kilomita hamsini hivi kusini-magharibi ukielekea mpaka wa Kongo, haina tofauti kubwa: vumbi la soko la Mpondwe, kahawa iliyoanikwa, malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kasindi. Lakini milima iliyo nyuma ya miji hii miwili, Rwenzori, inapanda hadi meta 5,109 kwenye kilele cha Margherita, na huko juu ipo barafu ambayo wenyeji wanaikanyaga kwa kazi. Kwa hiyo jinsi mtu anavyotoka kwenye hatua ya kwanza barafuni hadi kuwa fundi si swali la watu wa Kanada peke yao. Linaulizwa pia Ibanda, Nyakalengija na Kilembe, chini ya milima hiyo, na jibu lake linabadilika mwaka hadi mwaka kwa sababu barafu yenyewe inapungua.

Nitasema mapema ninachoamini, kisha nikitetee. Watu wa Kasese hawakosi miguu wala moyo wa kuijua barafu. Wanachokosa ni saa za kuikanyaga bila mgeni nyuma yao, na mahali rahisi pa kuanzia. Ile barafu ya mteremko mpole, ambayo mwanafunzi angeanguka juu yake na kuinuka akicheka, ndiyo iliyoondoka kwanza. Iliyobaki ni ngumu, na pagumu si mahali pa kumwanzishia mtu.

Afrika Mashariki, ngazi ya masomo ya barafu iliyopangika kuliko zote ilijengwa Nairobi. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, kwenye Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo, wenye meta za mraba 1,400 hivi. Ni mdogo ukilinganishwa na uwanja wa kimataifa wa hoki, ambao una urefu wa meta 60 na upana wa 30. Barafu ya viwanja vya namna hiyo ni tabaka la sentimeta chache lililolala juu ya mabomba ya ubaridi, na hutunzwa kwenye nyuzi 4 au 5 chini ya sifuri. Hapo ndipo ilipokulia timu ya hoki ya Ice Lions, ambayo mwaka 2018 ilipelekwa Kanada ikacheza dhidi ya timu nyingine kwa mara ya kwanza. Nyumbani ilikuwa ikijigawa mafungu mawili na kucheza yenyewe kwa yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mpinzani. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Anayeanza kwenye uwanja kama huo hafundishwi kwanza kwenda. Anafundishwa kuanguka: kukunja magoti, kuanguka kwa ubavu, kufumba ngumi ili vidole visikatwe na makali ya viatu vya wengine, kupiga goti moja, kuinuka. Halafu hatua fupi fupi kama za bata. Halafu anaiacha miguu yote miwili iteleze pamoja. Kisha anajifunza kusimama, kwa kusukuma visigino nje hadi makali ya viatu yaikwangue barafu. Mguu mmoja. Kupishanisha miguu kwenye kona. Kwenda kinyumenyume. Kugeuka. Mpango wa masomo unaotumika sana Marekani una madaraja 6 ya msingi ya namna hii, na miruko mikubwa inakuja baada yake ikiwa na ngazi yake, hadi ule uitwao axel, ambao mchezaji huuanza akitazama mbele, uliopewa jina la Mnorwe Axel Paulsen aliyeuonyesha mwaka 1882. Kinachowezesha haya yote ni kwamba barafu ya leo ni ile ile ya jana. Aliyeshindwa Jumamosi hii atakuta mtihani ule ule Jumamosi ijayo, sakafu ile ile, taa zile zile.

Rwenzori haitoi ahadi hiyo. Isitoshe, lengo lenyewe limegeuzwa. Uwanjani mtu anajifunza kuteleza. Mlimani anajifunza kutoteleza. Waswahili husema kuteleza si kuanguka, na kwenye tope la kinamasi cha Bigo, chini ya barafu, ni kweli: unateleza, unashika shina la mti, unaendelea na safari. Kwenye mteremko wa barafu chini ya Margherita, kuteleza ni kuanguka, isipokuwa kwa yule aliyefundishwa la kufanya katika sekunde mbili za kwanza.

Tena ngazi ya Kasese inaanzia mbali sana chini ya barafu. Kwa njia ya zamani, ile ya Mzunguko wa Kati, mtu anaingia mlimani Nyakalengija, kwenye meta 1,646. Analala Nyabitaba, 2,651. Kisha kibanda cha John Matte, 3,505. Kisha Bujuku, 3,962. Kisha Elena, 4,541, kibanda kilichobandikwa kwenye mwamba mtupu. Njia ya Kilembe, iliyofunguliwa miaka ya karibuni juu ya machimbo ya zamani ya shaba, inapita Mutinda na Bugata hadi kambi ya Margherita, chini kidogo ya meta 4,500. Vyovyote vile, safari ni ya siku saba au zaidi, na barafu ni saa chache za siku moja. Siku zote nyingine ni msitu, mianzi, miti ya erika iliyovaa ndevu za kuvumwani, tope, na bustani ile ya ajabu ya lobelia na senesio zinazosimama kama watu kwenye ukungu.

Kijana wa Ibanda anaingia kazini kama mpagazi. Mtu wa mjini anaweza kudhani kwamba kubeba mzigo hakuna uhusiano na barafu. Mimi naona ndiyo madaraja ya awali, na yamepangwa vizuri kuliko yanavyoonekana. Kwenye kinamasi cha Bigo nyasi zimejikusanya mafundo mafundo, na katikati ya fundo na fundo kuna tope la kumeza gambuti. Anayepita hapo na mzigo mgongoni anajifunza jambo lile lile analofundishwa mtoto wa Nairobi siku ya kwanza: goti lililokunjwa, hatua fupi, uzito uhamie kwenye mguu wa mbele kabla ule wa nyuma haujainuka. Akikosea analipa kwa soksi zilizolowa hadi jioni. Anajifunza pia kuutazama ukungu na kujua kama utafunguka. Anajifunza kichwa kinachouma kwa sababu ya mwinuko, na tofauti kati ya kichwa cha kuvumilia na kichwa cha kumshusha mtu usiku huo huo. Anayajua mawe yaliyolowa, yale yenye ukoga mweusi ambayo yanateleza kuliko barafu. Baada ya misimu kadhaa mwili wake unajua mambo ambayo mgeni mwenye viatu vya bei kubwa hajayasikia.

Hata elimu hii ina mizizi ya zamani kuliko utalii. Bakonzo walipanda hadi kwenye miamba ya juu kuwinda pimbi, wakilala kwenye mapango. Theluji wanaiita nzururu, na ni makao ya Kithasamba, mwenye mlima. Jina la ufalme wao, Rwenzururu, ambao serikali ya Uganda iliutambua mwaka 2009, limebeba neno hilo hilo la theluji. Kwa hiyo mtoto wa Bwera anakua akilitamka jina la theluji kabla hajaiona, na wengi wanazeeka hawajaigusa. Mahali pa kuheshimiwa si mahali pa kuchezea, na wazee hawakuwa na sababu ya kuwapeleka watoto huko wakajifunze kuanguka.

Hapo ndipo historia ilipowagawa watu wa milima miwili, Rwenzori na Alpi. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwenye cheo cha duke wa Abruzzi, kutoka familia ya kifalme ya Italia, alikuja na msafara mkubwa. Bakonzo walibeba mizigo katika sehemu za juu. Lakini tarehe 18 Juni, vilele vya Alexandra na Margherita vilipofikiwa siku moja ndani ya ukungu, waliokuwa kwenye kamba pamoja na duke huyo walikuwa waongozaji watatu kutoka kijiji cha Courmayeur, huko Alpi: Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel. Walifikaje kwenye ufundi ule? Courmayeur ilikuwa na chama cha waongozaji tangu mwaka 1850. Watoto wa pale walianza kwenye barafu ya malisho ya juu, nyuma ya baba zao, kabla hawajalipwa hata sarafu moja. Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu, hazikuwa bado zimepata umbo tunalolijua. Walitegemea misumari ya viatu na kuchonga vidato kwa sururu. Mwaka 1908 Mwingereza Oscar Eckenstein akabuni kramponi za meno 10, na aliyezifua alikuwa mhunzi wa Courmayeur hiyo hiyo, Henry Grivel. Mwaka 1929 Laurent Grivel, wa ukoo huo huo, akaongeza meno mawili ya mbele. Kijiji kimoja kikawa na walimu, wanafunzi, mhunzi na barafu, vyote mahali pamoja.

Kasese chama cha wenyeji cha kuendesha safari za mlimani, Rwenzori Mountaineering Services, kilianzishwa mwaka 1987. Kati ya miaka hiyo miwili, 1850 na 1987, kuna miaka 137, na mtu anayeshangaa kwa nini ngazi ya Courmayeur ni imara kuliko ya Kasese angepaswa kuanza na hesabu hiyo. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1991, ikaingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1994. Mwaka 1997 ikafungwa kwa sababu ya waasi wa ADF, na haikufunguliwa hadi 2001. Miaka minne bila mlima ni mingi kwa fundi yeyote. Kwa mwanafunzi aliyekuwa ameanza tu, inatosha kabisa kumrudisha shambani.

Sasa tupande kwenye barafu yenyewe. Somo la kwanza linafanyika gizani. Kutoka Elena watu huondoka saa nane au saa tisa usiku, kwa sababu barafu ya usiku imekaza na mchana huleta mvua na ukungu. Gambuti zinabaki kibandani. Mtu anavaa viatu vigumu vya mlima na kuzifunga kramponi kwa mikono iliyokufa ganzi. Mkanda uliofungwa vibaya unalegea baada ya hatua mia, na hatua ya mia na moja inaweza kuwa mahali pabaya. Mwongozaji mzuri hurudi kwa kila mgeni na kuuvuta kila mkanda yeye mwenyewe. Nimekuja kuamini kwamba fundi unamtambua hapo, kabla hajapiga hatua yoyote.

Kisha mguu. Anayeanza hutaka kukanyaga kwa ncha ya kiatu, au kwa ukingo wa ndani, kama anavyofanya kwenye kilima cha udongo. Kramponi hazitaki hivyo. Kwenye mteremko wa kawaida unyayo mzima lazima ulale juu ya barafu ili meno yote yaume pamoja, na kifundo cha mguu ndicho kinachopinda. Miguu itengane kidogo kuliko kawaida, la sivyo jino la mguu wa kulia litanasa kwenye suruali ya mguu wa kushoto, na hapo mtu anajiangusha mwenyewe. Rwenzori ina ugumu wake wa ziada: theluji yake ni ya unyevu, inagandamana chini ya kiatu hadi mtu anatembea juu ya donge na meno hayafiki kwenye barafu. Kila baada ya hatua kadhaa unagonga kiatu kwa mpini wa sururu, donge linadondoka, unaendelea. Jambo dogo, lakini limewaangusha wengi.

Kushuka ni daraja la juu kuliko kupanda, na hapa wanafunzi wengi hukwama. Mwili unaogopa, unaegemea nyuma, uzito unakwenda kisigino, meno ya mbele yanaachia. Mwalimu anamwambia aegemee mbele, kuelekea shimoni, na kila kiungo mwilini kinakataa. Hakuna maelezo yanayoushinda woga huo. Unashindwa na marudio tu: kushuka meta 20, kupanda tena, kushuka tena, mara 30, mahali ambapo chini yake hakuna kitu cha kuua.

Halafu kusimama. Aliyeteleza anajigeuza kifudifudi, sururu imeshikwa kwa mikono miwili kifuani, ncha yake inakandamizwa kwenye barafu kwa uzito wa bega, na miguu inainuliwa juu, kwa kuwa meno ya kramponi yakinasa kwenye mwendo wa kasi yatampindua. Hili nalo halifundishwi kwa maneno. Mtu anapaswa kuteleza kwa makusudi, kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa kikitangulia, mpaka mwili ujigeuze bila kuulizwa. Baada yake inakuja kamba: umbali kati ya mtu na mtu, kutoiacha ilegee, kujitupa chini mara moja mwenzako anapotumbukia kwenye ufa, kumtoa kwa kamba hiyo hiyo. Kisha meno ya mbele, kwa mahali ambapo unyayo mzima haulali tena. Na mwisho wa yote ni kutangulia: kuchagua njia kwenye theluji iliyofunika nyufa, kumtazama mgeni aliyelipa pesa nyingi na kutoka mbali, na kumwambia kwamba leo tunarudi.

Hiyo ndiyo ngazi, na kila kidato chake kinajulikana Kasese. Tatizo liko kwenye nafasi kati ya kidato na kidato. Mpagazi huishia Elena, au kambi ya Margherita. Anaweka mzigo, anapika, anasubiri. Barafu iko juu yake, mwendo mfupi tu, na kazi yake haimpeleki huko. Kwa hiyo kuna watu waliokaribia barafu mara mia na hawajawahi kufunga kramponi. Akipandishwa kuwa mwongozaji msaidizi, saa zake za kwanza barafuni huwa pia saa za kwanza za kubeba dhamana ya maisha ya mtu mwingine. Anajifunza huku anafundisha.

Tufanye hesabu, kwa ukarimu. Tuseme mwongozaji anapanda Margherita mara 12 kwa mwaka, na kila mara anakaa barafuni saa 5. Hizo ni saa 60, na karibu zote ni za kutembea taratibu mbele ya mgeni, si za kurudia kosa hadi litoke. Mtoto anayeingia uwanja wa barafu mara tatu kwa wiki, saa moja moja, anapata saa 150, zote za mazoezi, zote mbele ya mwalimu. Kwa saa, mtoto anayejifunza kurukaruka kwa burudani anapata malezi zaidi ya mara mbili ya mtu ambaye kosa lake linaweza kuua watu wawili. Sidhani kuna mtu aliyepanga iwe hivyo. Imetokea kwa sababu hapa barafu hulipiwa na mgeni, na mgeni analipia kilele.

Juu ya ufinyu huo ndipo kunakuja kuyeyuka. Mwaka 1906 milima 6 ya Rwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43, eneo la kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker, na yote kwa pamoja haikufika kilomita moja ya mraba. Leo Speke na Baker hazina tena barafu inayostahili kuitwa mto. Iliyobaki ni ya Stanley, mlima wenye kilele cha Margherita, nayo imegawanyika vipande. Wanasayansi wamebishana kuhusu sababu: wengine wanataja kupanda kwa joto la hewa moja kwa moja, wengine wanasisitiza kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilikauka tangu mwisho wa karne ya 19, mawingu yakapungua na jua likapata nafasi. Shirika la hali ya hewa duniani lilisema mwaka 2021 kwamba kwa mwendo huu barafu ya milima ya Afrika itakuwa imekwisha katika miaka ya 2040. Kijana anayeanza upagazi leo akiwa na umri wa miaka 20 huenda akaizika barafu hiyo kabla hajafikisha 45.

Wengi wameandika kuhusu kilomita za mraba. Kinachonisumbua mimi ni mpangilio wa kuondoka kwake. Barafu haipungui kama maji kwenye ndoo, yakishuka sawasawa pande zote. Inaanza kwenye kingo za chini, kwenye ndimi zile nyembamba na za mteremko mpole ambazo mtu angezikanyaga asubuhi na kurudi kibandani mchana. Mlima Speke ulikuwa ndio mlima wa barafu wa watu wasio mafundi sana; barafu yake imekwisha. Uwanda wa Stanley, ulio karibu tambarare, bado upo, na ndilo darasa la awali pekee lililosalia Uganda. Zaidi ya hapo ni mto wa barafu wa Margherita, ambao ulimi wake umerudi nyuma na kuacha ukuta mkali zaidi wa barafu ngumu, na njia yake iliwahi kukatwa na ufa mkubwa uliofunguka mwaka 2012. Ni kana kwamba shule imefunga darasa la kwanza hadi la sita, ikaacha la saba wazi, kisha ikawaita watoto waingie.

Na barafu ikiondoka haiachi mahali salama. Inaacha mwamba uliosuguliwa laini, changarawe isiyoshikana, mawe yanayongoja kuporomoka, na alfajiri utando mwembamba wa barafu usioonekana kwa taa ya kichwani. Waongozaji wa Kasese watahitaji kamba na kramponi hata katika miaka ambayo picha za angani hazitaonyesha tena doa jeupe. Kwa hiyo sikubaliani na anayesema kwamba kufundisha barafu sasa ni kupoteza muda. Kusoma mteremko, kumfunga mtu kamba, kumtoa shimoni, kujua saa ya kugeuka: hayo yanajifunzwa barafuni kwa haraka kuliko popote, kwa sababu barafu haisamehe uzembe, na yakishaingia mwilini yanafaa kwenye mwamba, kwenye maporomoko, hata kwenye mto uliofurika. Kilembe iliufahamu vizuri mto Nyamwamba mwaka 2013, na tena 2020, maji yalipobeba nyumba. Watu wanaojua kamba wana kazi mahali kama hapo.

Kwamba mtu wa Afrika Mashariki anaweza kufika juu kabisa kwenye ngazi hii, Mlima Kenya ulishaonyesha. Mwaka 1973 mfereji wa barafu uitwao Diamond Couloir, uliokuwa umewatia hofu wapandaji kwa miaka mingi, ulipandwa kwa mara ya kwanza na watu wawili: Phil Snyder, mhifadhi wa mlima huo, na Mkenya Thumbi Mathenge. Mathenge hakuwa akisubiri kibandani na chai. Alikuwa mwisho mwingine wa kamba, kwenye moja ya njia ngumu za barafu barani. Mfereji huo siku hizi ni nadra kuganda wote, na mto wa barafu wa Lewis, jirani yake, ulipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Njia imeondoka, lakini yaliyoandikwa mwaka 1973 hayafutiki: pale mtu alipopewa kamba na muda, alifika.

Bwera inaongeza jambo ambalo Kasese peke yake haionyeshi. Ng'ambo ya mpaka Bakonzo wanaitwa Banande, lugha ni karibu ile ile, na sokoni Mpondwe Kiswahili kinaunganisha waliobaki. Upande wa Kongo nao una ngazi yake: kutoka Mutwanga, ndani ya hifadhi ya Virunga, njia inapanda upande wa magharibi, ulio mkali zaidi, ambako msafara wa Ubelgiji wa Xavier de Grunne ulifanya kazi mwaka 1932. Vita vimeufunga upande huo mara nyingi kuliko wa Uganda. Matokeo yake ni kwamba ukoo mmoja una ndugu wanaoijua barafu kutoka mashariki na ndugu wanaoijua kutoka magharibi, na hawajawahi kukaa kwenye darasa moja. Wanauziana nguo za mitumba na kahawa. Kuhusu nyufa za Stanley hawaulizani.

Liko pia suala la cheti. Umoja wa kimataifa wa vyama vya waongozaji wa milima, ulioanzishwa mwaka 1965, ndio unaotoa hadhi ya juu kabisa katika kazi hii, na mafunzo yake hudai mwamba, barafu na ski. Ski! Fundi wa Nyakalengija anaweza kupita mitihani miwili ya kwanza, kisha akakwama kwenye mchezo ambao mlima wake hautaki na nchi yake haina. Naona ni halali kuudai umoja huo utafute njia kwa waongozaji wa milima ya ikweta. Lakini hata cheti kingeletwa kesho, kisingeleta zile saa 150 za mazoezi.

Saa hizo zinaweza kupatikana hapa hapa. Wapagazi wanafika Elena kila msimu, wakiwa na afya, wamezoea mwinuko, miguu imeshafundishwa na mafundo ya Bigo. Wakati waongozaji wawili wanawapeleka wageni Margherita, mwongozaji wa tatu, mzee wa kazi, angewachukua wapagazi wanne hadi Uwanda wa Stanley, si kwa kilele chochote, bali kwa kuanguka, kuinuka, kushuka meta 20 na kupanda tena. Gharama yake ni siku moja ya mshahara na chakula, na inaweza kuingizwa kwenye bei ya safari bila mgeni kuhisi. Msimu wa kiangazi upo mara mbili kwa mwaka, kati ya Juni na Agosti na kati ya Desemba na Februari, na uwanda huo bado una nafasi ya kutosha kwa watu watano.

Wanahitaji jozi tano za kramponi, sururu tano, helmeti, kamba moja ya meta 50, na viatu vinavyowatosha, kwa kuwa kramponi hazifungwi kwenye gambuti. Wakiondoka Elena saa kumi na moja alfajiri, jua likichomoza watakuwa wamekwisha kuanguka mara kumi kila mmoja, na kabla ya mvua ya mchana watakuwa wamerudi kibandani, chai iko motoni na wageni hawajashuka bado.